Posta ya Bonde la Hinotani

Nipponbashi, Osaka
3 Juni 2002

Mama Orihara Fumie,

Hunijui, sikujui, lakini usiitupe hii barua, stempu nimenunua kwa hela yangu. Naitwa Nomoto Tetsuji, hapa mtaani wananiita Tetsu. Nauza gemu za zamani, zile za kimashine cha mkononi, za kuchomeka kaseti. Duka langu lina upana wa mlango mmoja na nusu, nikinyoosha mikono nagusa bidhaa zote. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na nne, kwa hiyo mwandiko ukikusumbua mlaumu mwalimu, mimi sikuwepo.

Iko hivi. Wiki iliyopita nilinunua maboksi sita ya takataka kwenye ghala moja kule Sakai. Ilikuwa mali ya kampuni ya gemu iliyokufa zamani, mwenye ghala anataka nafasi tu. Mengi yalikuwa waya. Ila boksi la tano, chini ya kalenda za mwaka 1994, nikakuta bodi ya kijani iko uchi, haina hata ganda la plastiki. Ina chipu nne, kila moja imebandikwa stika nyeupe, na kwenye stika kuna maandishi ya kalamu: "Posta ya Hinotani. Karibu kwisha. Orihara." Pembeni yake kadi ya mwaka mpya uliyomtumia mwenzako wa kazini, ina anwani yako ya Tsuyama. Ndio nikakupata.

Mama, mimi gemu zisizojulikana nazijua kuliko ninavyowajua shemeji zangu. Nimeuza ile ya kufuga kaa. Nimeuza ile ya refa wa sumo, ambayo unashinda kwa kusimama. Ile ya foleni ya benki, waliyoitengeneza halafu wakaona aibu kuiuza, ilipita mikononi mwangu. Lakini hii sijaisikia popote, haimo kwenye orodha yoyote. Nikaichomeka. Ikawaka!

Kumbe niko kwenye baiskeli na mfuko wa barua. Napita bondeni, nagonga milango, watu wanatoka, wananiambia mambo yao, naenda mlango mwingine. Nikasubiri adui. Hakuna. Nikasubiri jini, jambazi, hata mbwa mkali. Wapi! Siku nzima napiga pedali tu, na kuacha siwezi, wateja watatu waliondoka nawaambia "dakika moja, nina barua ya fundi seremala". Nikafika mpaka nyumba ya mwisho kule juu. Mwanamke akafungua, akanigombeza kwa ajili ya matope utadhani nimemuoa mimi. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Sasa ombi. Kuna bwana mmoja wa Nagoya anaitwa Ushio, anakusanya gemu zilizouawa kabla hazijazaliwa. Akipata barua ya mtengenezaji kwamba hii ndiyo yenyewe na iko moja tu duniani, anachukua bila maneno. Niandikie mistari miwili basi, na wewe sitakusahau. Kazi rahisi kama hii haijatokea tangu watu waanze kufanya kazi.

Wako mwenye haraka,
Tetsu


Tsuyama
11 Juni 2002

Bwana Nomoto,

Kwanza usiniite mama. Nina miaka hamsini na moja na sina mtoto. Pili usinipigie simu, hata kama namba ipo kwenye ile kadi. Simu ikilia, baba anadhani ofisi ya posta inamwita, anavaa kofia anatoka.

Hiyo gemu ni yangu. Niliiandika miaka miwili. Wakubwa wakasema gemu isiyo na adui haina mnunuzi, wakaifuta wiki tatu kabla ya kwenda kiwandani. Nilidhani bodi zote zilitupwa.

Usiiuze.

Hinotani ndiko nilikozaliwa. Sasa iko chini ya maji ya bwawa. Zilikuwa nyumba thelathini na moja. Nilijua maji yanakuja, kwa hiyo nikaziweka zote kwenye gemu, kila mlango mahali pake, kila mtu na maneno yake aliyozoea kusema. Huyo mwenye baiskeli ni baba yangu. Alipeleka barua bonde lile miaka thelathini na minne.

Leo ana themanini na saba. Kila asubuhi anafunga kamba za viatu anataka kwenda kazini. Nikimwambia bonde halipo, ananiangalia kama nimemtukana. Mwezi uliopita walimkuta kilomita nane kutoka hapa, kwenye mvua, anatafuta daraja. Kaka yangu amesema akitoka peke yake mara moja tu tena, anapelekwa kwenye nyumba ya wazee kule Okayama. Huko wanafunga milango kwa ufunguo. Baba yangu, Bwana Nomoto, hajawahi kukaa nyuma ya mlango uliofungwa. Maisha yake yote alikuwa upande wa pili, anagonga.

Nataka azunguke bonde lake akiwa amekaa hapa ndani. Shida yangu ni hiyo tu.

Jambo la muhimu: usibandue zile stika. Chini ya kila stika chipu ina kidirisha cha kioo. Kwenye ile kampuni tulikuwa tunaandika gemu humo, na tukitaka kufuta tunaweka chipu chini ya taa kali ya zambarau. Hata jua linafuta, polepole. Stika ni pazia. Sisi tulikuwa tunaibandika kabla hata ya kunywa chai. Iweke gizani, nitakuja kuichukua. Niambie unataka nini.

Orihara Fumie

Baba ameiona bahasha yako. Anasema stempu imebandikwa na mlevi.


Osaka
14 Juni 2002

Dada Fumie,

Shikamoo, na samahani kwa kukuita mama. Mwambie mzee stempu ilikuwa imenyooka, bahasha ndiyo ilikuwa imelewa.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Halafu nikaisoma tena natembea. Gemu iko salama. Iko ndani ya kopo la biskuti, kopo liko ndani ya soksi, soksi iko kwenye droo. Giza la tumboni kabisa.

Ila usije kwanza. Duka napaka rangi. Harufu mbaya, jana mteja kazimia, ikabidi nimpepee na kasha la gemu ya kaa. Ushio wa Nagoya nimemwambia asubiri. Sijamwambia hapana, nimesema asubiri, unajua biashara zilivyo.

Nina swali dogo la kitaalamu, si langu, la rafiki yangu. Hiyo taa ya zambarau inafuta baada ya muda gani? Saa? Siku? Tuseme siku nane? Na kama chipu ziko nne, mbili zilikuwa zimefunikwa na kitu, labda karatasi? Anaulizia tu, ni mtu wa maswali.

Mzee anapenda kula nini?

Tetsu


Tsuyama
18 Juni 2002

Bwana Nomoto,

Rafiki yako alizibandua lini?

Orihara Fumie


Osaka
20 Juni 2002

Dada Fumie,

Tarehe nne. Siku moja tu baada ya kukuandikia. Wewe hujanijibu, mi nakaaje kimya? Sijui kukaa kimya, hata usingizini nasikia napigana na shuka.

Nikueleze ilivyokuwa halafu unitukane kwa mpangilio. Wakusanyaji wanapenda kuviona vile vidirisha. Wakiviona wanajua bodi ni ya wenyewe, si ya kughushi. Nikabandua stika zote nne, nikazisugua chipu mpaka zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Jirani yangu ni kinyozi, siku ileile alikuwa anatupa kabati lake la kioo, lile la kuwekea mikasi na machanuo, lenye taa ya kuua vijidudu. Taa yenyewe rangi ya zambarau! Nikasema hili ndilo sanduku la maonyesho, watu watasimama. Nikaiweka bodi ndani, nikawasha taa, nikaning'iniza karatasi "Moja tu duniani". Na kweli watu walisimama. Siku nane ilikuwa inawaka, asubuhi mpaka nafunga.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili. Nilizima taa nikiwa bado nimeshika bahasha.

Duka sikupaka rangi. Hakuna aliyezimia. Rafiki ni mimi.

Ile karatasi ilikuwa imening'inia juu ya chipu mbili za kushoto. Hizo ziko hai. Za kulia zimekwisha. Nimejaribu mara kumi na tano. Bonde lipo, Dada. Mto upo, baiskeli ipo, milango inafunguka. Watu wanatoka, wanasimama, wananiangalia, na kile kisanduku cha maneno kinafunguka cheupe. Hawasemi kitu. Nyumba zote thelathini na moja ni mabubu. Nilifika kwa yule mama wa matope, nikaegesha baiskeli, nikasubiri anigombeze. Kimya. Nilijisikia vibaya mpaka nikafunga duka nikaenda kununua soseji nisizozitaka.

Ushio alikuja jana na treni. Nikamwambia ukweli. Akasema, "Bubu? Hiyo ndiyo nzuri zaidi, naichukua hivyohivyo." Mimi nikasema haiuzwi. Akanishangaa. Nikajishangaa zaidi mimi. Maneno yale hayajawahi kutoka kwenye hiki kinywa.

Naituma leo pamoja na kimashine chake na betri nane. Stika nimebandika upya, mbili juu ya kila kidirisha. Najua ni kama kufunga mlango baada ya mwizi kushukuru na kuondoka.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Tetsu


Osaka
2 Julai 2002

Dada Fumie,

Imefika? Nimefagia duka mara tatu leo. Kinyozi ananiuliza kama nahama. Kila yule wa posta akipita natoka nje, anasema, "Huna kitu, Tetsu." Kazi mbaya sana ile, kumwambia mtu hana kitu. Mzee aliwezaje miaka thelathini na minne?

Tetsu


Osaka
9 Julai 2002

Dada Fumie,

Nitukane basi. Hata tusi moja kwenye kadi.

T.


Tsuyama
13 Julai 2002

Bwana Tetsu,

Nilikuandikia barua mbili nikazichana. Zilikuwa na matusi mazuri, umekosa kitu.

Kifurushi chako kilifika tarehe ishirini na mbili, asubuhi mbaya. Jana yake baba alikuwa ametoka tena, akapatikana kituo cha mabasi anamuuliza dereva kama barua za Hinotani zimeshapakiwa. Dereva akampigia kaka. Kwa hiyo kaka alikuwa njiani na gari. Nguo za baba nilikuwa nimeshazikunja. Yeye mwenyewe yuko kizingitini, viatu miguuni, anasema, "Fumie, nimechelewa, watu watasemaje?"

Nilifungua kifurushi kwa sababu sikuwa na la kufanya na mikono. Nikasoma barua yako. Ungekuwepo ningekupiga na kile kimashine. Badala yake nikampa baba.

Akakaa kizingitini na viatu vyake. Akaangalia. Akapinda kushoto penye daraja bila kuelekezwa na mtu. Nyumba ya kwanza, kwa Bi Mitsue, mlango ukafunguka, Bi Mitsue akasimama, kisanduku cheupe. Mimi nikafumba macho.

Baba akasema, "Ingia uote moto, hizo barua zina miguu?"

Kwa sauti ya Bi Mitsue. Ileile ya puani. Halafu akajijibu kwa sauti yake, "Leo sikai, Bi Mitsue, kesho." Akaenda nyumba ya pili.

Alipofika kwa fundi seremala, kaka alikuwa ameshaingia. Alisimama nyuma yetu na funguo za gari mkononi. Baba anaongea kama fundi, anakohoa kama fundi, anamlalamikia mkwe wake kama fundi. Nyumba ya kumi na moja, kaka akainama akasema, "Baba, muulize Mzee Hisamatsu kama ng'ombe wake ameshazaa." Baba akamwambia, "Usinivuruge, niko kazini." Kaka akaziweka funguo mfukoni. Alikaa mpaka saa kumi na hajasema neno la Okayama tangu siku ile. Lakini hajasema kwamba amelifuta.

Nimekuwa nikiyaandika maneno yake kwenye daftari. Maneno mengi ni yaleyale niliyoyaweka. Mengine ni bora kuliko yangu. Nina nyumba thelathini.

Ya thelathini na moja ni yetu. Kila siku anafika, anaegesha, mama anafungua mlango, na baba ananyamaza. Anamwangalia. Anaweka kimashine chini, anasimama, anatafuta viatu. Tunarudi kulekule mlangoni. Jana nilimshika mkono mara nne.

Mimi sikumbuki nilimwandikia mama maneno gani. Niliyaandika yeye akiwa bado hai, nikaogopa kuyasoma mara ya pili. Baada ya miezi minne akafa, na gemu ikafa.

Mtu wa mwisho aliyeyasoma ni wewe. Ulisema alikugombeza kwa ajili ya matope. Alikugombezaje? Neno kwa neno, Bwana Tetsu. Usitie chumvi na usitie utani.

Fumie


Osaka
15 Julai 2002

Dada Fumie,

Nimetembea mpaka Tennoji nikarudi. Halafu nikakalia kiti kilekile, nikashika kimashine kingine mikononi, hakina kitu ndani, nikapiga pedali kwa vidole mpaka juu kule. Mimi darasani nilikuwa sishiki hata jina la mto, lakini mtu akinigombeza huwa sisahau. Nimegombezwa na wengi, nawakumbuka wote.

Alisema hivi:

"Matope hayo yabaki nje."

Unabonyeza. Anasema:

"Bonde zima umelizunguka, kila mtu umempa barua yake."

Unabonyeza tena:

"Na mimi je? Miaka yote hii nimeolewa na posta, sijaletewa hata kadi moja."

Basi. Hapo huna cha kubonyeza. Kisanduku kinajifunga, panakuwa asubuhi, unaanza upya kule darajani. Mimi siku ile nilicheka, nikaona huyu mama ana mdomo. Leo nilipoyaandika sikucheka sana.

Sijatia chumvi. Kwa roho ya mama yangu, ambaye pia ana mdomo na yuko hai, anakusalimu.

Tena, kuna Mzee Nukaya hapa nyuma ya soko la redio. Ana mashine ya kuandikia chipu, na hajapata mtu wa kumsimulia habari zake tangu mwaka juzi. Ukileta daftari, anaandika yote upya. Bei yake ni kumsikiliza. Nitamsikiliza mimi.

Tetsu


Tsuyama
22 Julai 2002

Bwana Tetsu,

Nilingoja afike kwenye mlango wetu. Mama akafungua. Nikamsomea baba maneno yale, moja moja, kama ulivyoyapanga.

Hakusimama. Hakutafuta viatu. Akasema, "Kweli kabisa." Akaniomba kalamu.

Ameandika siku tatu. Hakuniruhusu kuona. Anaandika, anakunja, anachana, anaanza tena, kama mimi nilivyofanya na barua zako. Siku hizo tatu mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto na hakuugeukia hata mara moja. Kaka alikuja Jumamosi, akamkuta mezani, akauliza anamwandikia nani. Baba akamwambia, "Mama yako. Na wewe ongea polepole." Kaka akatoka nje akakaa kwenye gari. Aliporudi akaniambia yale mambo ya Okayama niyasahau.

Nakutumia bodi, na daftari la nyumba zote thelathini na moja na namba zake, Mzee Nukaya ataelewa. Ndani kuna bahasha pia. Baba ameifunga mwenyewe kwa gundi. Juu ameandika: Orihara Kinue, nyumba namba thelathini na moja, Hinotani. Nilimwambia barua haziendi tena huko. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu asiyejua kazi.

Akasema, "Mpe yule kijana wa stempu mbovu. Yeye ameshafika pale."

Sijui utaipelekaje. Nimeahidi tu kukupa.

Fumie


Osaka
30 Julai 2002

Dada Fumie,

Kazi imekwisha, na masikio yangu pia. Mzee Nukaya alinisimulia jeshi, ndoa mbili na upasuaji wa nyongo. Halafu akasema hawezi kuandika juu ya chipu yenye mabaki, lazima kwanza zifutwe mpaka zitakate. Akaanza kupekua, taa yake ya kufutia imeungua. Mimi nikaanza kucheka. Nikakimbia dukani nikarudi nimebeba kabati la kinyozi kichwani, mtaa mzima unaniangalia. Kwa mara ya kwanza lile kabati likafanya kazi yake. Dakika ishirini. Zile mbili za kushoto nilizichomoa nikazishikilia mwenyewe ndani ya mfuko wa suruali, sikumwamini mtu.

Wote wanasema sasa. Nimezunguka bonde zima, Bi Mitsue kanikaribisha motoni, fundi kanikoholea. Ng'ombe wa Mzee Hisamatsu amezaa, hilo naona ni la kaka yako.

Barua ya mzee sikuifungua. Nimeuza vitu vingi maishani ambavyo havikuwa vyangu kuvishika, hii nilishindwa. Ila bodi ilikuwa uchi, si unakumbuka? Nimeitafutia ganda. Barua nimeikunja mara sita, ikaingia chini ya chipu, gizani, nikafunga skrubu nne. Iko ndani ya nyumba sasa. Maji hayaifikii, wala mimi.

Kwa mama yako nimegusa kitu kimoja tu, na kama umechukia nitakifuta, taa bado ninayo. Maneno yake matatu yapo vilevile. Lakini akishasema hajaletewa hata kadi moja, sasa unaweza kubonyeza tena, mara ya nne. Anasema:

"Imefika."

Halafu ndiyo panakucha.

Stempu nimebandika kwa rula. Mwambie mzee aikague.

Tetsu